Tone la Rangi kwenye Kofia ya Bi Mwanahawa

Nyinyi vijana mnaopanga picha zenu kando ya njia ya kwenda ufukweni, mnanijua. Mimi ndiye yule mtu wa kikohozi anayesimama mbele ya picha zenu, hanunui, kisha anawaambia mkono wa huyu mama umekaa vibaya. Juzi mmoja wenu aliniambia, "Mzee, kama huna cha kununua, pisha wageni." Nikapisha. Umri wa kuitwa mzee sijaufikia, nina miaka hamsini na minne, ila tapentaini imenimaliza kifua na vidole vinatetemeka hata nikishika kikombe cha chai. Kuchora nimeacha. Wenzangu wawili niliokuwa nao kibanda kimoja wamekwenda na vifua vyao, nimebaki mimi, na sijui nimebakizwa kwa lipi kama si kwa hili ninaloliandika.

Shule nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililipita kwa kuwachorea wenzangu ramani ya Tanzania, wao wakanipa majibu ya hesabu. Kwa hiyo maneno mazuri msiyatafute humu. Nitaandika kama ninavyosema, na watu nitawataja. Waliofanya hawakuona haya, sioni kwa nini mimi nione haya kwa niaba yao.

Kazi nilifundishwa na Mzee Pazi, ambaye aliandika nusu ya vibao vya maduka ya Bagamoyo. Herufi zake za S zote zilikuwa zimelala kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta akisubiri zamu ya kinyozi. Alinifundisha kuwamba kitambaa cha marekani kikiwa kibichi, maana kikikauka kinajikaza chenyewe kuliko utakavyokivuta kwa mkono. Halafu gundi, halafu rangi nyeupe mara mbili, na katikati unapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja usisikie kitu. Nyinyi mnanunua vitambaa vilivyokwisha kuwambwa. Sawa. Lakini mvua za masika zikija picha zenu zinalegea kama shuka kwenye kamba, kisha mnalaumu hewa ya bahari.

Kubwa alilonifundisha Mzee Pazi ni hili la tone. "Rangi ikidondoka mahali si pake," aliniambia, "usiifute. Ukiifuta inatanuka. Iache ishike kidogo, kisha igeuze iwe kitu. Baharini, ndege. Kwenye mti, jani." Nilishika sana. Picha zangu za mwaka wa kwanza zina ndege wengi mpaka anga haionekani. Mteja mmoja aliniuliza kama hapa kwetu kuna dampo.

Wachoraji wenzangu walichora majahazi na Wamasai, kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Mimi nilichora watu wakiwa kazini, na zaidi wanawake wanaoshona kofia. Si kwamba nilikuwa na akili kuliko wenzangu. Kibanda chetu kilitazamana na nyumba ya Bi Mwanahawa, na kila baada ya alasiri alikaa ukumbini kwake, mlango wazi, yeye na shoga yake Bi Zuhura, wakishona. Walikuwa hawaendi popote, na hawakai wakijipanga kama wanaopigwa picha. Mchoraji anataka nini zaidi?

Kofia ya viua mnaivaa, lakini sijui wangapi wenu mmeona inavyotengenezwa. Unachukua bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, unaikunja iwe mbili, unachora maua kwa penseli. Kisha unatoboa tundu kwa mwiba, si kwa sindano, kwa sababu sindano inakata nyuzi na mwiba unazisogeza tu. Kila tundu unalizungushia uzi mpaka linasimama kama jicho. Hicho ndicho kiua. Kofia moja ina viua mamia, na inakula miezi. Bi Mwanahawa alishona ule ukanda unaozunguka kichwa, Bi Zuhura alishona kifuniko cha juu, kisha Bi Zuhura ndiye aliyeunganisha. Kofia moja, mikono minne. Mtu wa Bagamoyo au Pangani aliyetaka kofia ya harusi ya mwanawe alitoa agizo mapema, na hakuuliza itakwisha lini.

Picha yangu ya kwanza niliwapelekea waione. Bi Zuhura aliishika kwa mbali, akainamisha kichwa.

"Huyu ndiye nani?"

"Ni wewe, Bi Zuhura."

"Mimi ninashona hapa, au ninachokonoa jino?"

Bi Mwanahawa akacheka mpaka akaweka kazi chini. "Na uzi mrefu namna hiyo ni wa nini, Rajabu? Anataka kumfunga mbuzi?"

Kweli nilikuwa nimechora uzi unaofika sakafuni, kwa kuwa niliona unapendeza. Mshonaji wa kweli uzi wake haupiti kiwiko, ukipita unajisokota. Na sindano haishikwi kwa ncha za vidole kama kalamu. Nilirudi nikachora upya mara tatu. Ndiyo maana nawaambia, picha ikikwisha mpelekee kwanza yule uliyemchora, kisha ndiyo umpelekee mnunuzi. Atakayenunua hajui sindano inashikwaje. Nyinyi siku hizi mnapita na simu, mnapiga picha tatu mkiwa mnatembea, mnakwenda kuchora kwa kutazama kioo. Mama wa watu hajui hata kama amechorwa.

Sasa kuna jambo moja walilokuwa wakilifanya ambalo lilinisumbua. Mtu yeyote akipita mlangoni, Bi Mwanahawa aligeuza ukanda wake, upande wa ndani ukawa nje. Hakukatiza maneno, hakutazama, mkono uligeuza wenyewe. Ua lake alilitunga mwenyewe alipokuwa mwali, akaliita jicho la kasa. Ua, kisha mzabibu wenye jani kulia, jani kushoto, kisha ua jingine. Lilikuwa halijulikani kwa mwingine. Kofia ikishakuwa kichwani kwa mwenyewe inaonekana, ndiyo, lakini nani atamsimamisha bwana harusi amhesabie viua? Ikiwa bado bapa juu ya goti, penseli haijafutika, hapo ndipo mshonaji mwingine anaiba. Kwa hiyo picha zangu zote zilionyesha ukanda upande wa ndani, nyuzi na mafundo. Zilikuwa picha za kweli.

Akaja Idrisa Kibwana. Huyu ana duka la nguo na vinyago, watu wazima wanamjua. Alisimama kibandani kwangu, mikono nyuma.

"Unachora vizuri, fundi. Lakini mbona hawa kina mama umewapa matambara?"

"Si matambara. Ni kofia, upande wa ndani."

"Nani ananunua upande wa ndani? Nichoree kubwa, niitundike dukani. Kofia ionekane. Kila kiua kionekane, mtu akisogea aweze kukihesabu. Unaweza, au nimtafute mtu wa Dar?"

Hapo ndipo aliponipatia. Angesema pesa ningefikiri. Alisema unaweza au huwezi.

Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa nikamwomba ageuze. Nilimwambia picha itapendeza, watu watajua kazi yake, nitaimaliza kwa siku chache. Alisita. Bi Zuhura hakusita.

"Shoga, mimi ningekuwa wewe nisingegeuza."

"Ni Rajabu huyu, Zuhura. Amekulia mtaani hapa. Ataupeleka wapi?"

"Sisemi Rajabu. Nasema picha. Picha ina miguu."

"Wewe nawe huachi wasiwasi. Haya, mwanangu, tazama, lakini usikae kutwa."

Akageuza. Nilikaa kutwa, siku sita. Nilichora kila kiua mahali pake. Sijawahi kuchora vizuri namna ile, kabla wala baada, na ninaandika hivi nikijua ni aibu kujisifu hapa. Siku ya mwisho nikiwa namalizia mzabibu, brashi ilibeba rangi nyingi, tone la hudhurungi likadondoka kati ya jani na jani. Nilifanya nilivyofundishwa. Nikaliacha lishike, nikaligeuza jani. Kwa hiyo mahali pamoja mzabibu ule ulikuwa na majani mawili upande mmoja, yakifuatana. Hakuna aliyeona. Siku hiyo nilikuwa na haraka, na ile picha sikumpelekea Bi Mwanahawa aitazame. Niliipeleka moja kwa moja kwa Idrisa.

Ilitundikwa dukani kwa muda, kisha ikaondolewa. Idrisa akasema imepata mnunuzi.

Ilipokaribia Ramadhani nilikuwa msikitini, Ijumaa, nimekaa nasikiliza hotuba. Mbele yangu kulikuwa na kisogo cha mtu na kofia mpya, nyeupe, uzi wa hudhurungi. Macho yangu ni ya kazi, hayatulii. Yakafuata maua. Ua, jani kulia, jani kushoto, ua, jani kulia, jani kulia. Nikarudia. Jani kulia, jani kulia. Na likarudi tena baada ya ua la pili, na tena, kichwa kizima, kwa sababu mashine hairudii kosa mara moja tu, inalirudia kila inapofika pale. Tone langu la rangi lilikuwa limeshonwa kwenye kofia ya mtu. Swala ile niliinama na kuinuka pamoja na watu, lakini sijui niliswali nini.

Basi hapo nilijua. Kama wangenakili kofia yenyewe ya Bi Mwanahawa, jani lile lisingekuwepo. Walinakili picha. Idrisa aliipiga picha kwa simu, akaituma mjini kwa watu wenye mashine za kudarizi, na kofia zikaja kwa marobota. Muda wa kuswali swala moja zinashonwa kumi. Bei yake hata fundi baiskeli aliimudu.

Bi Mwanahawa alisikia, akaenda dukani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Lakini ua lake alilitambua tangu mlangoni, hakutaka hata kuigusa ile kofia. Akamuuliza Idrisa amelipata wapi. Idrisa Kibwana, mwana wa watu, aliyekunywa kahawa ya mume wa yule mama wakati wa uhai wake, akamjibu, "Muulize shoga yako. Mtu huibiwa na wa ndani."

Nilikuwa kibandani wakati aliporudi. Bi Zuhura alikuwa ukumbini anaunganisha kofia ya watu. Nilivuka njia, sijui kwa nini nilivuka, nikasimama mlangoni.

"Zuhura, umelipeleka ua langu dukani?"

"Ua gani?"

"Usiniulize ua gani. Ukanda wangu aliyeushika ni wewe tu. Kila kofia inapita mkononi kwako."

"Mwanahawa, nitazame. Nimekula kwako, umekula kwangu. Leo nikuuzie ua?"

"Idrisa kasema."

"Idrisa kasema," alirudia Bi Zuhura, polepole. Kisha akaniona. "Rajabu, wewe unakaa hapo mbele kutwa. Umepata kuniona nikitoka na kazi ya mtu humu? Sema, mwanangu. Nakuuliza mbele yake."

Ningetamka maneno manne tu, ni ile picha yangu. Nilijua tayari. Ilikuwa imepita siku tano tangu ile Ijumaa.

Nikasema, "Mimi mambo ya kina mama siyajui."

Bi Zuhura alikunja kazi yake, akatia sindano kwenye kipande cha sabuni kama alivyofanya kila siku, akaondoka. Baada ya siku chache nikasikia amekwenda kukaa kwa binti yake huko Lugoba.

Mtaniuliza, ukamfanya nini Idrisa? Nilimwendea, ndiyo. Nikamwambia umeniharibia. Akanipa kiti. "Fundi, nilinunua picha au nilinunua fremu?" akaniambia. "Ni yangu, nafanya nitakavyo. Wala sijamtaja mtu, nilisema wa ndani. Tena nina duka jipya, ukuta mzima mweupe, namtafuta mtu wa kuuchora." Akanitundikia kofia mojawapo kichwani, zawadi. Ule ukuta niliuchora. Siku kumi na moja, na niliweka minazi, pweza na soko la samaki, na watu wakasema umependeza. Kwa hiyo ninapotaja waliofanya, andikeni Idrisa Kibwana, kisha andikeni Rajabu Seif, kwa herufi za ukubwa uleule.

Ikapita miaka mitatu. Bi Mwanahawa aliendelea peke yake kidogo, lakini kifuniko cha juu hakuwa fundi wake, akikiunganisha kinavuta upande mmoja. Maagizo yakaisha. Akawa anashona foronya. Ukumbini kulikuwa na mkeka uleule na mtu mmoja. Nilijaribu kumchora tena mara moja, nikaacha. Mwili wake ulikaa upande wake wa siku zote, ule upande mwingine wa mkeka haukuwa na kitu, na sikujua nipake rangi gani pale.

Kisha kifua kikaniangusha. Nilitoka hospitali sina nguvu za kusimama, nikalala nyumbani, na aliyevuka njia kuniletea uji wa pilipili manga kila asubuhi alikuwa Bi Mwanahawa. Ananyanyua mfuniko, anapuliza, ananipa. Asubuhi moja akasema, bila kuulizwa, "Yule mwizi nasikia naye anaumwa miguu. Mungu halali. Afadhali wewe, Rajabu, hukunificha kitu maisha yako."

Niliweka bakuli chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu mikono ya Idrisa ikiwa nyuma mpaka ile Ijumaa. Hakuniamini. Alidhani ni homa, akanigusa paji la uso. Nikamwonyesha kofia ya Idrisa ilipokuwa imetundikwa msumarini. Hakuwa amewahi kuishika hata moja. Akaipeleka dirishani, akaisogeza karibu na jicho lake moja lililobaki zima, akaanza kuufuata mzabibu kwa ukucha wa kidole gumba. Alifika pale, akasimama. Akarudi nyuma, akaanza tena.

"Jani hili si langu," alisema.

"Ni langu. Lilidondoka."

Aliirudisha kofia msumarini. Akaniuliza kama nimemaliza uji. Akachukua bakuli, akaliosha, akaondoka nalo. Kesho yake alikuja bila uji, amevaa baibui. "Inuka," alisema. "Tunakwenda Lugoba. Na wewe utasema, si mimi."

Tulipanda gari mpaka Msata, tukapanda jingine. Njia nzima hakunisemesha, ila nilipokohoa alinipa maji.

Bi Zuhura tulimkuta uani kwa binti yake anapepeta mchele, miguu ameinyoosha, imevimba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura." Akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani, za safari, za mvua, moja baada ya nyingine kama inavyotakiwa. Bi Mwanahawa alikuwa bado amesimama.

"Shoga, nimekudhulumu," alisema. "Huyu atakueleza."

Nikaeleza. Bi Zuhura aliendelea kupepeta mpaka nilipofika kwenye jani, hapo akaweka ungo chini. Nilipomaliza hakumtazama mwenzake. Alinitazama mimi.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nilikuja kujua baadaye. Hakuna ambaye angenipinga. Nikasema, "Ijumaa, kabla hujaondoka."

"Basi siku ile nilipokuuliza mlangoni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei. Kisha akamgeukia Bi Mwanahawa. "Wewe ulikosea, mwenzangu. Ulidanganywa. Nishike mkono niinuke, uingie ndani uvue baibui, utapikika kwa joto hili."

Wakaingia. Nilisikia wakianza na waliokufa, kisha waliozaa, kisha nani anashonea nani siku hizi. Sauti ya Bi Mwanahawa ilikatika mara mbili, na ile nyingine ikamngojea. Binti wa nyumba aliniletea chai pale uani, nikanywa, nikaweka kikombe. Nikasogea mlangoni nikasema, "Mimi natoka, jamani." Ndani Bi Zuhura alijibu, "Haya." Bi Mwanahawa akaendelea na habari yake.

Kwetu mgeni husindikizwa, hata kama ni hatua tatu kuvuka kizingiti, hata kama hujampenda. Mimi nilijifungulia mlango wa ua mwenyewe. Kutoka nyumba ile mpaka barabara ya lami si mbali, lakini nilikwenda polepole sana, kwa ajili ya kifua, na kwa kuwa nilidhani pengine angetokea mtu.